Nani Atangulie Kutibiwa?

Wakiletwa wagonjwa wengi kwa wakati mmoja, naye mganga ni mmoja tu, atamshika nani kwanza? Mkubwa wa mji? Aliyetangulia kufika? Au yule aliaye kwa nguvu? Na tutazame habari za Dominique Jean Larrey wa Ufaransa, aliyelijibu swali hili kwa matendo.

Alizaliwa mwaka 1766 katika kijiji cha Beaudéan, penye milima ya Pyrenees. Alipopata miaka 13 alikuwa yatima, akapelekwa Toulouse kwa ndugu ya baba yake, aliyekuwa mganga wa kupasua. Huko akajifunza kazi ile, kisha akaenda Paris kuongeza elimu. Mwaka 1787 akawa mganga katika merikebu ya vita, akasafiri mpaka Newfoundland. Mwaka 1792 akafuatana na jeshi kwenye mto Rhine.

Huko aliona jambo lililomchoma moyo. Kwa sheria ya jeshi, magari ya kuwachukua waliojeruhiwa yalikaa nyuma, yapata kilometa 5, yakingoja mpaka mapigano yaishe. Watu walilala kondeni saa nyingi huku damu ikiwatoka, na wengi wakafa kabla ya kuonwa na mganga. Basi Larrey akatengeneza magari mepesi ya kukokotwa na farasi, yaliyowafuata watu palepale walipoanguka. Alipokwenda Misri na jeshi mwaka 1798, akatumia ngamia waliofungwa vikapu vikubwa ubavuni.

Lakini mbio peke yake hazitoshi. Yapasa kuwako na utaratibu. Larrey aliagiza waanze na aliye hatarini zaidi, pasipo kutazama cheo wala taifa. Mkubwa mwenye jeraha dogo alingoja, askari mnyonge aliyevunjika paja akatangulia, na adui naye akatibiwa.

Mwaka 1815, katika vita vya Waterloo, Larrey alishikwa na Waprusi, ikaamriwa apigwe risasi. Ndipo mganga mmoja wao, aliyemsikia zamani akifundisha Berlin, akamtambua. Akapelekwa kwa jemadari Blücher, ambaye mwanawe alikuwa amepata kutibiwa na Larrey. Akaachiliwa, akaishi hata mwaka 1842.

Utaratibu huo ndio waufuatao waganga wa dharura hata leo. Dar es Salaam, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, idara yao ilifunguliwa mwaka 2010. Mganga wa namna hii kwanza hujifunza udaktari wote, ndipo huongeza miaka 3 ya kazi ya dharura. Mgonjwa afikapo, hutazamwa pumzi zake, mapigo ya moyo na fahamu zake. Hayo ndiyo yaamuayo nani atangulie.

Basi mtu akipitishwa mbele yako, usinung'unike kana kwamba umedharauliwa. Mtoto aliyelegea na kunyamaza aweza kuwa karibu na kifo kuliko yule apigaye kelele. Na watu wakiumia njiani, mtafute kwanza aliyenyamaza, na yule atokwaye na damu nyingi. Likandamize jeraha lake kwa kitambaa safi, msiliachie, mpaka msaada ufike.

Maswali ya kujifunza:
1. Kwa nini wengi walikufa kabla ya Larrey kutengeneza magari yake?
2. Ni jambo gani lililoamua nani atibiwe kwanza?
3. Katika zahanati yetu, ni nani hupitishwa mbele, na kwa sababu gani?