Waziri akishasema "wewe si raia", Mahakama ina kauli gani?

Toka Moshi mjini upite Himo, muda si mrefu uko Holili, na ng'ambo yake ni Taveta, Kenya. Panda Rombo mpaka Tarakea, ng'ambo yake ni Oloitokitok. Mpaka huu Wajerumani na Waingereza walikubaliana mwaka 1886, bila kuuliza nani kaoa wapi. Hivyo mwenyeji wa huku kuulizwa baba yake alizaliwa upande upi si ajabu. Swali ni hili: Waziri akiamua kuwa wewe si raia, utakwenda kusemea wapi?

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, kifungu cha 23, iliandika kuwa Waziri halazimiki kutoa sababu, na uamuzi wake hautapitiwa na mahakama yoyote. Wengi wakifika hapo hukata tamaa.

Lakini Katiba, ibara ya 13(6)(a), inampa mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu, na ya kukata rufani au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Sheria ya Bunge iko chini ya Katiba. Mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, Mahakama ya Rufani ilibatilisha kifungu kilichomtaka mwananchi apate kwanza kibali kutoka Serikalini ndipo aishitaki Serikali hiyo hiyo!

Ieleweke vizuri: Mahakama Kuu inapopitia uamuzi haigeuki kuwa Waziri wa pili. Haiulizi, "mimi ningeamuaje?" Inauliza Waziri aliamuaje. Alikuwa na mamlaka hayo? Mhusika alisikilizwa? Utaratibu ulifuatwa? Jibu likiwa hapana, uamuzi hufutwa, hata kama Waziri angeweza kufikia uamuzi ule ule kwa njia halali.

Tazama shauri la Anudo. Huyu alizaliwa Butiama mwaka 1979, ana cheti cha kuzaliwa na pasipoti ya Tanzania. Mwaka 2012 alikwenda polisi kushughulikia mambo ya ndoa yake, uraia wake ukatiliwa shaka, pasipoti ikachukuliwa. Mwaka 2014 akafukuzwa kwenda Kenya. Kenya nayo ikamfukuza. Akabaki eneo la Sirari, kati ya nchi mbili, hana pa kwenda. Tarehe 22 Machi 2018, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kuwa alinyang'anywa uraia kiholela na hakusikilizwa. Ikasema pia kuwa aliyekuwa na hati zote hizo hakupaswa kubebeshwa mzigo wa kuthibitisha. Mzigo ulikuwa wa Serikali. Na ikaona Sheria ya Uraia ina pengo, kwa sababu haimpi raia wa kuzaliwa njia ya kwenda mahakamani.

Novemba 2019 Tanzania ilitoa taarifa ya kuondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Kwa hiyo, mtu wa Rombo, mlango wako ni Mahakama Kuu, Moshi. Kwa Kanuni za mwaka 2014 unaanza kwa kuomba ruhusa, ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe. Omba barua ya uamuzi, na bahasha usiitupe: tarehe ya posta inaweza kukusaidia.