SOMO LETU: OVADRAFTI NA MKOPO WA NYUMBA



Katika mkutano wetu wa Kirewa swali moja liliulizwa mara nyingi. Mtu ana mshahara wa kila mwezi, hajawahi kukimbia deni, lakini akienda benki kuomba mkopo wa kununua nyumba anarudishwa mikono mitupu. Kwa nini? Tuliahidi kulijibu katika ukurasa huu. Sisi si watu wa benki, na elimu yetu ni ile ya shule ya msingi. Lakini tumekaa na taarifa za akaunti za wanachama, tumezisoma mstari kwa mstari, na tumefuatana na mwenzetu mmoja hadi kwa karani wa mikopo ili tuelezwe.

Tuanze na neno lenyewe. Ovadrafti ni ruhusa ya kutoa katika akaunti pesa zaidi ya zile zilizomo. Una Shs. 50,000/=, unatoa Shs. 200,000/=, basi akaunti inashuka chini ya sufuri kwa Shs. 150,000/=. Mshahara ukiingia, benki inachukua zake kwanza pamoja na riba, nawe unapata kilichosalia. Hilo ni deni kama deni lingine, na kwa kawaida benki inaweza kulidai lote siku yoyote ipendayo.

Wenzetu wanaovuka mpaka kwenda kazini Busia ya Kenya wanaijua kwa jina la Fuliza, iliyoanza katika M-Pesa mwezi Januari 2019. Aliyeipa jina alijua Kiswahili, maana kufuliza ni kufanya jambo bila kukatiza, na wako wenzetu wanaofuliza tangu wakati huo. Kabla ada hazijapunguzwa, aliyepitiliza Shs. 1,000/= za Kenya alilipa asilimia 1, yaani Shs. 10/=, kisha Shs. 10/= nyingine kwa kila siku iliyopita. Akikaa siku 15 amelipa Shs. 160/= kwa elfu moja. Oktoba 2022 ada zilipunguzwa, lakini desturi ya kukopa Jumatatu ili kula Jumanne haikupunguzwa na mtu.

Sasa habari ya mwenzetu. Ni mzaliwa wa Kirewa, anafanya kazi Tororo mjini, na mshahara wake baada ya makato ni Shs. 1,200,000/= za Uganda. Jina lake tunaliweka kando. Alipata nyumba ndogo ya vyumba viwili, kiwanja kina hati, na mwenye nyumba akakubali kumngojea miezi mitatu. Hili la hati si dogo. Wengi wetu Kirewa tunakaa katika ardhi ya ukoo, na hata tukiwa na ekari tano ni vigumu kumpa meneja wa benki kitu cha kushika. Huyu alikuwa amekwisha kuvuka mlima huo. Mkewe alikuwa tayari kutia sahihi, kama inavyotakiwa na Sheria ya Rehani ya Uganda ya mwaka 2009 kwa nyumba ambayo familia inakaa. Tulidhani kazi imekwisha.

Karani alifungua taarifa ya akaunti ya miezi kumi na miwili. Hakutazama kwanza mshahara ni kiasi gani. Alitazama akaunti ilikuwaje siku moja kabla ya mshahara kuingia. Katika miezi tisa kati ya kumi na miwili ilikuwa chini ya sufuri, na mara nne ilikuwa imegonga mwisho wa ovadrafti, Shs. 600,000/= kamili. Akatuuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: «Huyu bwana hajaanza kulipa nyumba, na kila mwezi anaanza na nusu ya mshahara. Atakapoanza kulipa nyumba atakula nini?»

Twaweza kumkasirikia karani, lakini hesabu yake tuliirudia nyumbani na ni kweli. Itazameni. Tuseme benki inakubali madeni yote ya mtu yasipite nusu ya mshahara, yaani Shs. 600,000/= kwa mwezi. Mwenzetu analipa Shs. 180,000/= katika chama cha akiba na mikopo. Zinabaki Shs. 420,000/= za kulipia nyumba. Kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka na muda wa miaka 10 (huu ni mfano, kila benki ina riba yake), kila Shs. 100,000/= unazoweza kulipa kwa mwezi zinabeba mkopo wa karibu Shs. 5,550,000/=. Kwa hiyo Shs. 420,000/= zinabeba kama milioni 23. Sasa benki ikisema itenge Shs. 150,000/= kila mwezi kwa ajili ya ile ovadrafti, zinabaki Shs. 270,000/=, nazo zinabeba kama milioni 15 tu. Deni la laki sita limekula zaidi ya milioni 8 za nyumba! Mwenzetu aliposikia hivyo alinyamaza kimya, nasi pia.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Hata ovadrafti usiyoitumia inaweza kuhesabiwa. Benki inafikiri hivi: mtu huyu ana ruhusa ya kuchukua laki sita wakati wowote, hata siku ya pili baada ya sisi kumpa mkopo. Kwa hiyo kuacha kuitumia hakutoshi. Ukishailipa, andika barua ruhusa yenyewe ifungwe au ipunguzwe, na ubaki na nakala yenye mhuri.

Tena kuna kupitiliza kwa ruhusa na kupitiliza bila ruhusa. Ile ya kwanza mlikubaliana kwa maandishi. Ya pili ni pale malipo uliyoyaagiza yanapofika na akaunti ni tupu, yakarudishwa, au benki ikayalipa na kukutoza faini. Mbele ya karani wa mikopo, kurudishwa mara mbili tu kunaweza kuonekana kubaya kuliko ovadrafti ya mwaka mzima iliyolipwa vizuri.

Habari hizi hazikai katika benki moja. Kenya na Uganda zote zina ofisi za kumbukumbu za wakopaji, na ya kwanza Uganda ilianza mwaka 2008. Kenya, kanuni za mwaka 2020 zilikataza mtu kuandikwa vibaya kwa deni lisilofika Shs. 1,000/=, lakini juu ya hapo deni dogo la simu lililosahauliwa linaweza kukungojea mlangoni mwa benki. Mwanachama wa upande wa Kenya ana haki ya kupata taarifa yake bure mara moja kwa mwaka. Aichukue kabla ya kuomba mkopo, na kama kuna deni alilokwisha kulipa na bado limeandikwa, apeleke malalamiko na risiti. Mzee mmoja alituambia mkutanoni kwamba dawa ni kutokopa kabisa. Tunamheshimu, lakini hapo hatukubaliani naye. Asiyekopa kamwe benki haimjui, na deni dogo lililolipwa kwa siku yake ni ushahidi mzuri.

Wanaolipwa kwa shilingi za Kenya na kuweka akiba Uganda wana taabu yao ya pekee. Wakibadili pesa kidogo kidogo kwa kufuata bei ya siku, akaunti inaonyesha vijipesa vya hapa na pale, wala haionekani kuwa ni mshahara. Afadhali ziingizwe mara moja kwa mwezi, na karatasi za mshahara zitunzwe zote.

Sasa tufike penye kidonda. Tulipozipanga zile karatasi za mwenzetu mezani tuliona kwamba miezi mitatu ya kwanza akaunti yake haikushuka chini ya sufuri hata mara moja. Mwezi wa nne ikashuka. Kulitokea nini mwezi wa nne? Mwajiri wake, aliyekuwa akilipa tarehe 28, alianza kulipa tarehe 9, mara nyingine 12, ya mwezi uliofuata. Ada za shule hazikungoja. Makato ya chama cha akiba hayakungoja. Ovadrafti iliziba pengo hilo la wiki mbili, na kwa kuwa riba ililiwa kila mwezi pengo halikufungwa tena. Mwajiri amejikopesha mshahara wa wafanyakazi bila riba, na mfanyakazi akalipa riba yeye. Benki haikuona mwajiri anayechelewa. Iliona mfanyakazi asiyejua kutunza pesa.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema anayeajiriwa kwa mwezi alipwe mwisho wa mwezi. Tulimwandikia mwajiri kwa jina la chama, tukaweka tarehe za malipo ya miezi tisa kama zilivyo katika taarifa ya benki. Tuliomba mambo mawili: tarehe ya mshahara iandikwe katika mapatano, na mwenzetu apewe barua ya kukiri kwamba ucheleweshaji ulitoka ofisini. Barua aliipata baada ya wiki tano. Hilo la tarehe bado tunabishana.

Benki ilisema italitazama ombi upya baada ya akaunti kukaa miezi sita bila kushuka chini ya sufuri. Mwenye nyumba hakuweza kungoja, akamwuzia mtu mwingine. Mwenzetu amekwisha kulipa ovadrafti na kuifunga, na wiki tunapoandika haya amemaliza mwezi wa nne.

Wanachama wanaotaka kuomba mkopo wa nyumba mwaka huu walete kwa wawakilishi wao taarifa ya akaunti ya miezi kumi na miwili, na ya simu pia, kabla ya kwenda benki. Na kila aliyelipwa baada ya tarehe 5 katika mwezi wowote aitie alama tarehe hiyo kwa kalamu nyekundu, maana tunazikusanya kwa ajili ya mazungumzo na waajiri.