MBWA ANAPOKARIBIA KUZAA: TUANDAE MAHALI PAKE MAPEMA

Pengine utashangaa kuona ukurasa wa afya unazungumzia mbwa anayezaa. Utasema hiyo ni kazi ya bwana mifugo, si ya muuguzi. Lakini sisi wauguzi ndio tunaompokea mtoto aliyeumwa na mbwa, na mara nyingi maelezo yanayokuja pamoja naye ni haya: "Mbwa wetu hana neno. Amezaa juzi, alikuwa akilinda watoto wake tu." Maelezo hayo yanaweza kuwa ya kweli. Hatari yake ni kwamba huifanya familia ibaki nyumbani, wakati mtoto alipaswa kuletwa hospitali siku ile ile.

Hapa Mwanjelwa nyumba nyingi ni za kupanga, na familia nne au tano hutumia uwanja mmoja, bomba moja na choo kimoja. Mbwa wa mwenye nyumba akizaa uwanjani, jambo hilo linahusu wapangaji wote. Basi katika somo hili tujifunze namna ya kumwandalia mbwa mahali pa kuzalia, ili vitoto vyake viishi na watoto wetu wasipate madhara.

1. TUANZE LINI?

Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi, yaani miezi miwili na siku chache. Mahali pa kuzalia pawe tayari wiki mbili kabla, ili mbwa apazoee na kulala hapo. Asipoandaliwa mahali atajitafutia mwenyewe: chini ya kitanda, nyuma ya choo, kwenye rundo la matofali au katika mtaro. Akishazaa huko, kumhamisha ni kumchokoza, na hapo ndipo watu wengi huumwa.

2. TUCHAGUE MAHALI GANI?

Mahali panapofaa pawe na mambo haya:

(a) Pawe pembeni, mbali na njia ya kwenda bombani na chooni, na mbali na mahali watoto wanapochezea.

(b) Paezekwe vizuri. Mvua za kwetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na kitoto kikilowa hakikawii kufa.

(c) Pasipitishe upepo, lakini hewa safi iingie.

(d) Pawe na uzio au mlango unaofungwa. Uzio huo una kazi mbili. Unawazuia watoto wasiingie, na unawazuia mbwa wazururaji wasifike. Mbwa mwenye kichaa akikiuma kitoto kimoja usiku, kitoto hicho kinaweza kuonekana kizima kwa wiki kadhaa, kikagawiwa kwa jirani, na kupeleka ugonjwa katika nyumba nyingine.

3. SANDUKU LA KUZALIA

Si lazima kutumia fedha nyingi. Mbao za mabanzi au kreti kuukuu zinatosha. Kwa mbwa wetu wa kawaida, sanduku la urefu wa mita 1 na sentimita 20, na upana wa mita 1, litamwezesha kujinyoosha na kugeuka. Kuta ziwe na kimo cha sentimita 30 au zaidi. Upande wa mlango uwe chini kidogo, sentimita 15 hivi, mama apite bila kukwaruza chuchu zake na vitoto visitoke.

Ndani ya sanduku, pigilia fito kuzunguka kuta, sentimita 10 kutoka chini na sentimita 10 kutoka ukutani. Mama anapojilaza humwegemea ukuta, na kitoto kilichokuwa nyuma yake hubanwa kikafa. Fito hizo huacha nafasi ndogo ya kukiokoa.

Usiweke sanduku moja kwa moja juu ya saruji au udongo. Liinue kwa matofali au vipande vya mbao. Tandika magunia safi au maboksi, juu yake magazeti kwa siku ya kuzaa yenyewe, kwa kuwa ni rahisi kuyaondoa na kuyachoma. Baada ya kuzaa, tandika nguo kuukuu zinazofulika. Maranda ya mbao laini sana hayafai siku za kwanza, maana huingia puani na kushika kwenye vitovu vibichi.

4. JOTO NI UHAI

Ndugu zetu wa Mbeya na Iringa wanajua baridi ya Juni, Julai na Agosti. Kitoto cha mbwa katika wiki ya kwanza hakiwezi kujipasha joto chenyewe, hata kutetemeka hakiwezi. Kinahitaji joto la nyuzi 30 hivi za Selsiasi mahali kinapolala. Kikipoa, hunyonya kwa udhaifu, na maziwa hayasagiki tumboni.

Chupa ya plastiki yenye maji ya moto kiasi, iliyofungwa kwa kitambaa kinene, ikiwekwa upande mmoja wa sanduku husaidia sana. Ibadilishwe kila inapopoa. Upande mwingine uachwe bila chupa, ili vitoto viweze kusogea vikiona joto limezidi. Usiingize jiko la mkaa katika banda lililofungwa. Moshi usioonekana wa mkaa una sumu, nao huua mbwa kama unavyoua watu.

Vitoto vyenyewe vitakuambia hali yao. Vikirundikana na kulia, vina baridi. Vikitawanyika na kuhema, vina joto mno. Vikilala kwa utulivu, ubavu kwa ubavu, mambo ni mazuri. Kitoto kilichopoa kipashwe joto kwanza polepole, ndipo kipelekwe kwenye chuchu.

5. SIKU YA KUZAA

Mbwa aliyekaribia kuzaa hukataa chakula, huhangaika, huhema na kuparura matandiko. Mtu mmoja anayemzoea akae karibu, wengine wote wakae mbali. Mama mjamzito asisaidie kazi hii, wala watoto wasiangalie kwa kumzunguka mbwa.

Mara nyingi mbwa hujimudu mwenyewe: hupasua utando, hukata kitovu na kulamba vitoto. Tukilazimika kugusa, tuvae glavu au mifuko safi ya plastiki mikononi, kisha tunawe kwa sabuni, kwa sababu majimaji ya uzazi wa wanyama yanaweza kuwa na vijidudu vya homa ya kutupa mimba na magonjwa mengine. Matandiko yaliyochafuka yachomwe au yafukiwe.

Mwite mtaalamu wa mifugo bila kuchelewa ukiona haya:

- anasukuma kwa nguvu nusu saa nzima na hakuna kitoto kinachotoka;
- zimepita saa mbili tangu kitoto cha mwisho na bado vingine vimo tumboni;
- majimaji ya kijani yanatoka kabla ya kitoto cha kwanza;
- katika wiki za kunyonyesha mama anatetemeka, anakakamaa au anashindwa kusimama. Hii ni dalili ya kupungukiwa madini ya chokaa mwilini, nayo huua upesi.

Hakikisha kila kitoto kimenyonya dang'a siku ya kwanza, maana ndiyo kinga yake ya mwanzo. Mama naye apewe maji ya kutosha na chakula zaidi ya kawaida, kwa kuwa ananyonyesha wengi.

6. KINYESI NA MINYOO

Vitoto vingi vya mbwa huzaliwa tayari vikiwa na minyoo, kwa sababu minyoo huvuka kutoka kwa mama tangu tumboni, na mingine hupita katika maziwa. Mayai ya minyoo hiyo hutoka katika kinyesi. Mtoto wa binadamu anayecheza udongoni na kutia vidole mdomoni huyameza. Tumboni mayai huanguliwa, na viluwiluwi vyake hutembea mwilini hadi kwenye ini, mapafu, na pengine jicho, na jicho hilo linaweza kupofuka.

Hata hivyo kuna habari njema. Yai likitoka leo haliambukizi leo. Linahitaji wiki mbili au zaidi udongoni kabla ya kukomaa. Kwa hiyo anayeokota kinyesi kila siku na kukitumbukiza chooni, au kukifukia mahali penye kina, amekata njia ya ugonjwa. Lakini yai likishaachwa likakomaa, linaweza kukaa udongoni miaka.

Vitoto vipewe dawa ya minyoo vikiwa na wiki 2, kisha wiki ya 4, ya 6 na ya 8. Mama yao apewe pamoja navyo. Kipimo hutegemea uzito, hivyo dawa itoke kwa mtaalamu wa mifugo. Tusikisie kwa vidonge vya watu.

7. MBWA MZAZI AKIUMA

Mbwa mpole kabisa anaweza kuuma akiwa na vitoto. Tuwafundishe watoto wetu sheria tatu: usiingie ndani ya uzio bila mtu mzima, usimnyang'anye mbwa kitoto wala chakula, usimkimbie wala kumpiga mawe mbwa mzazi, rudi nyuma polepole. Tukumbuke kwamba mtoto ni mfupi, na jino la mbwa humfikia usoni na shingoni, karibu na ubongo.

Sasa turudi kwa maelezo yale ya "alikuwa akilinda watoto wake". Hakuna mtu anayeweza kujua kwa kutazama tu kwamba mate ya mbwa ni salama. Mbwa anaweza kutoa virusi vya kichaa katika mate siku chache kabla ya kuonyesha dalili yoyote. Virusi vikiingia kidondani hufuata mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua wiki kadhaa au miezi, na hiyo ndiyo nafasi yetu ya kumwokoa mgonjwa. Dalili zikishaanza, karibu wote hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na karibu 4 katika kila 10 ni watoto wa chini ya miaka 15.

Kwa hiyo mtu akiumwa, au akikwaruzwa hata na kitoto cha mbwa, fanya hivi:

- Osha kidonda mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15 kamili kwa saa. Kisha paka iodini au spiriti ukiwa nayo.
- Usipake mafuta ya taa, majivu, pilipili wala kinyesi cha ng'ombe. Usifunge wala kushona nyumbani.
- Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mhudumu ndiye ataamua juu ya chanjo ya kichaa na ya pepopunda. Chanjo ikianzishwa, tarehe zote zitimizwe hata kama kidonda kimepona.
- Usimuue mbwa. Mfungie, umtazame kwa siku 10, na umpe taarifa afisa mifugo. Akiwa mzima baada ya siku 10, maana yake siku aliyouma mate yake hayakuwa na virusi. Lakini kungoja siku hizo kusimcheleweshe mgonjwa kwenda hospitali.

Chanjo hii si jambo geni la kuogopwa. Mwaka 1885 huko Paris, Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mvulana wa miaka 9 aliyeumwa vibaya na mbwa, naye akaishi hadi utu uzima. Chanjo za siku hizi ni salama zaidi, nazo huchomwa mkononi, si tumboni.

8. KABLA YA KUGAWA VITOTO

Wataalamu wanashauri kwamba mbwa wasiopungua 70 katika kila 100 wachanjwe ili kichaa kisienee. Tufanye hesabu ndogo. Mtaa una mbwa 10, na 7 wamechanjwa. Mtaa huo umefikia kipimo. Mbwa mmoja akizaa vitoto 6, mbwa sasa ni 16 na waliochanjwa ni wale wale 7, yaani chini ya nusu. Uzazi mmoja tu umeuacha mtaa wazi. Kisiwani Pemba, kampeni za kuchanja mbwa zilizorudiwa zilikomesha kichaa mwaka 2018, baada ya ugonjwa kuwa umeingia tena mwaka 2016. Jambo hilo linawezekana na kwetu pia.

Kwa hiyo vitoto visigawiwe kabla ya wiki 8. Kuanzia wiki ya 3 au ya 4 vizoeshwe uji laini wenye mchuzi wa dagaa. Kampeni ya chanjo ikipita mtaani, vipelekwe hata kama ni vidogo, na virudie vikifikisha miezi 3. Anayechukua kitoto aelezwe tarehe ya chanjo na ya dawa ya minyoo, zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi. Na kama hatuwezi kuvitunza vitoto vingine, tumwulize mtaalamu wa mifugo juu ya kumfunga mbwa kizazi. Kuvitupa sokoni au jalalani ni ukatili, nayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 hairuhusu ukatili kwa wanyama.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI AU KATIKA JUMUIYA

1. Katika uwanja wetu kuna mbwa wangapi, na wangapi wamechanjwa mwaka huu?
2. Nani ataokota kinyesi cha mbwa kila siku?
3. Mtoto akiumwa leo jioni, sabuni na maji viko wapi, na nani atampeleka hospitali?

Tusingoje mbwa azae ndipo tuanze kutafuta majibu.