Mashini ya kusaga ikizimika ovyo, tuanzie kwenye mazutu



Wakati huu wa mvua, muhogo mkavu haungoji. Mashini ikizimika kila nusu saa, muhogo unavuta unyevu na kuota ukungu, na wamama wanarudi nyumbani bila unga. Hapo wengi wanasema: "Pompi imekufa." Kabla ya kutoa pesa ya koperative, tuchunguze kwanza vitu vya bei ndogo.

Motere ya zamani inayopoteza nguvu pole pole, ikazimika, kisha ikapumzika na kuwaka tena, mara nyingi inakosa mazutu. Tufuate mpango huu:

1. Kifuniko cha tangi. Kina tundu dogo la kuingiza hewa. Vumbi la unga likiliziba, mazutu hayateremki vizuri. Legezeni kifuniko, mwache motere itembee. Isipozimika tena, ugonjwa umeonekana: zibueni tundu.

2. Maji. Zimeni motere. Fungueni bulo ya chini ya tangi, mkinge ndani ya chupa inayoonyesha. Maji ni mazito kuliko mazutu, yatakaa chini. Endeleeni kutoa mpaka yatoke mazutu matupu.

3. Filtri ya mazutu. Ikijaa uchafu, motere inatembea vizuri bila mzigo, lakini ikianza kusaga inachoka. Filtri ya karatasi haioshwi, inabadilishwa.

4. Hewa. Mkishafungua filtri, hewa imeingia. Legezeni skrubu yake ya kutolea hewa, mwache mazutu yatiririke hadi mapovu yaishe, ndipo mkaze. Moto na sigara vikae mbali.

Moshi nao unasema. Mweusi: filtri ya hewa imeziba, ao mnamwaga nafaka nyingi mara moja. Motere ikizimika ikiwa na joto kali, angalieni maji ya kupoza. Lakini msifungue radiatere ingali moto.

Mazutu yetu hapa Aru mengi yanavuka mpaka kutoka Uganda ndani ya bidoni. Acheni bidoni itulie usiku mzima, mimineni kupitia kitambaa safi, na mabaki ya chini msiyatie. Jioni jazeni tangi, sababu tangi tupu linafanya umande ndani.

Kama bado inazimika, sasa iteni fundi. Mwonyesheni daftari: ilizimika saa ngapi, ilikuwa na mzigo gani, mmekwisha kugusa nini. Ataanzia hapo, na koperative haitalipa kazi mara mbili.