Nataka Kuwa Trafiki: Nianzie Wapi?

Kila tangazo la ajira za Jeshi la Polisi linapotoka, simu yangu hujaa ujumbe wa vijana wanaotaka kuvaa sare nyeupe na kusimama barabarani. Nafundisha udereva na sheria za barabarani, na wengi wanaoniandikia ni wanafunzi wangu au wadogo zao. Maswali yao yanafanana. Haya ndiyo yanayorudi mara kwa mara, pamoja na majibu ninayowapa.

Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kidato cha nne, nataka kuomba mafunzo ya trafiki. Fomu zinapatikana wapi?

Marahaba. Fomu hiyo haipo, na ni vizuri ukalijua hilo mapema. Hapa Tanzania trafiki ni askari polisi aliyepangwa kwenye Kikosi cha Usalama Barabarani. Mlango wa kuingilia ni mmoja kwa wote: unaomba kazi ya polisi, unachaguliwa, unapita mafunzo ya awali, kisha jeshi ndilo linaloamua ufanye kazi gani na wapi. Unaweza kuota barabara ukajikuta unalinda benki, au uko kituo kidogo cha wilaya ambayo hujawahi kufika. Kama hauko tayari kwa hilo, usiombe. Tangazo lenyewe humtaka mwombaji awe tayari kufanya kazi popote nchini.

Wengine huchanganywa na habari wanazosoma mtandaoni kuhusu Afrika Kusini. Kule maofisa wa trafiki wako chini ya majimbo, manispaa na shirika la taifa la usimamizi wa trafiki barabarani, mbali na polisi wa kawaida. Kijana anaweza kuomba mafunzo hayo moja kwa moja, na hudaiwa leseni ya gari tangu siku ya kuomba. Utaratibu huo si wetu.

Vigezo ni vipi hasa?

Kila tangazo huja na masharti yake, kwa hiyo lisome lenyewe, usisome muhtasari wa mtu. Matangazo ya miaka ya karibuni yamedai raia wa Tanzania kwa kuzaliwa, mwenye umri wa miaka 18 hadi 25 kwa waliomaliza kidato cha nne na cha sita, na hadi 30 kwa wenye stashahada na shahada. Urefu usipungue futi 5 na inchi 8 kwa mwanamume, yaani karibu sentimita 173, na futi 5 na inchi 4 kwa mwanamke, karibu sentimita 163. Uwe na afya njema, usiwe na kumbukumbu ya uhalifu, usiwe umeoa au kuolewa wala kuwa na mtoto. Vipo pia vipindi ambavyo nafasi zimelengwa kwa vijana waliopitia JKT, na JKU kwa Zanzibar. Kwa hiyo kijana anayeitwa JKT asikimbie.

Nina mchoro mdogo begani, hauonekani nikivaa shati. Je, ni tatizo?

Ndiyo. Masharti hukataa alama za kuchorwa mwilini, na daktari hakupimi ukiwa umevaa shati.

Nimejaza maombi mara mbili, sijaitwa. Nakosea wapi?

Siwezi kujua walichokiona, na ushindani ni mkubwa. Lakini kwa vijana niliowasaidia kupanga karatasi zao, kosa ninalolikuta zaidi ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Juma Hamisi, cha kidato cha nne kinasema Juma H. Salum, NIDA inasema kitu cha tatu. Mwenye cheti anajua ni mtu yuleyule. Anayekagua maelfu ya maombi hana njia ya kujua. Marekebisho ya aina hiyo huchukua muda: RITA kwa cheti cha kuzaliwa, NIDA kwa kitambulisho, na pengine hati ya kisheria ya majina kwa msaada wa wakili. Hayafanyiki ndani ya siku chache ambazo dirisha la maombi huwa wazi. Yafanye sasa, wakati hakuna tangazo.

La pili ni barua. Maombi hupokelewa kwenye mfumo wa ajira wa Jeshi la Polisi mtandaoni, na matangazo yamekuwa yakitaka barua iliyoandikwa kwa mkono, kisha iskaniwe na kupakiwa. Vijana huichukulia kama jambo dogo. Wanaandika wamejipinda juu ya goti, wanapiga picha gizani, herufi hazisomeki. Keti mezani. Andika kwa Kiswahili safi, taja nafasi unayoomba, elimu yako, makazi yako na namba ya simu ambayo haitazimwa. Mpe mtu mwenye jicho kali aisome kabla hujaipakia. Askari ataishi kwa kuandika maelezo. Barua hiyo ni ukurasa wa kwanza wanaousoma kutoka kwako.

Mimi ni binti. Baba anasema barabara ni kazi ya wanaume.

Mwambie baba, kwa heshima, apite kwenye makutano makubwa ya Dar es Salaam, Arusha au Mwanza asubuhi. Atawaona wanawake wakiongoza magari, malori yakiwa yamesimama kwa ishara ya mkono wao. Kinachokuhusu wewe ni kimo, afya na masomo. Anza kukimbia leo.

Moshi wanafundishwa nini?

Shule ya Polisi Tanzania iliyopo Moshi ndiyo inayopokea askari wapya wengi. Ni miezi ya kwata, mbio, silaha, nidhamu na darasa. Darasani kuna sheria: Kanuni ya Adhabu, Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Ushahidi, na taratibu za jeshi lenyewe. Wanaodhani ni misuli tu hushangaa. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973 na kurekebishwa mara kadhaa, ndiyo itakayokuwa mkononi mwako kila siku ukipangwa barabarani. Unaweza kuanza kuisoma ukiwa bado nyumbani.

Nikishakuwa polisi, nifanye nini nipelekwe usalama barabarani?

Hakuna anayeweza kukuahidi. Unachoweza ni kuwa mtu anayefaa, na hapa ndipo ningependa vijana watulie, maana wengi huitazama kazi hii kutoka kwenye dirisha la daladala. Wanaona mkono umeinuliwa na faini imeandikwa. Hawaoni ajali ya saa nane usiku barabara kuu ya Morogoro, ambapo askari lazima awahudumie majeruhi, azuie magari yanayokuja kwa kasi yasiongeze maafa, azuie wizi wa mizigo, apime alama za matairi, achore mchoro wa tukio, achukue maelezo ya mashahidi wanaogombana, na ajaze PF3, fomu ya polisi, ili majeruhi atibiwe bila utata. Mchoro huo utasomwa mahakamani na kampuni ya bima miezi mingi baadaye. Ukikosea umbali, mjane anaweza kukosa fidia.

Kwa hiyo jifunze udereva, upate leseni halali. Huwezi kumhoji dereva kuhusu breki usizowahi kuzikanyaga. Jifunze huduma ya kwanza. Usiikimbie hesabu wala fizikia. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu kwenye maeneo ya makazi, hupita takriban mita 14 kila sekunde. Basi lililoko kwenye kilomita 80 hupita mita 22. Dereva wa basi hilo akitazama simu kwa sekunde 3 tu, amepita zaidi ya mita 66 bila macho. Trafiki anayeelewa hesabu hiyo humweleza dereva kwa nini tochi ya kupima kasi imemkamata, na dereva huelewa.

Na zoea kuzungumza na mtu mwenye hasira bila kupandisha sauti.

Kuna mtu ameniomba laki tano anipitishe. Anasema ana ndugu makao makuu.

Ni tapeli, au ni mla rushwa. Kuomba nafasi hakulipiwi. Usimpe hata nauli, usimtumie namba yako ya NIDA wala vyeti. Hifadhi ujumbe wake na utoe taarifa TAKUKURU kwa namba 113, simu ni bure. Nimewaona wazazi wakiuza ng'ombe na mashamba kwa ahadi ya aina hii. Kijana hakwenda Moshi na fedha hazikurudi. Tena, anayetoa rushwa naye ametenda kosa kwa sheria ya mwaka 2007.

Mjomba anasema niende trafiki kwa sababu kuna hela. Ni kweli?

Mshahara wa konstebo ni wa serikali, haubadiliki kwa sababu umevaa nyeupe. Anachokisema mjomba ni ile noti inayokunjwa ndani ya leseni, na nitakujibu bila kupepesa macho: kama hiyo ndiyo sababu, tafadhali usiombe. Basi lenye matairi yaliyokwisha likiachwa lipite kwa elfu tano, linakwenda kuua watu wenye majina. Siku hizi faini hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayoingia moja kwa moja serikalini, na askari hana sababu ya kushika fedha ya dereva. Wapo askari wanaofanya kazi hii kwa usafi miaka mingi, wakilaumiwa kwa dhambi za wenzao. Hao ndio wanaohitaji kuongezewa watu.

Niko Taveta. Kwetu ni tofauti?

Kwa msingi ni sawa: trafiki wa Kenya naye huanzia Huduma ya Taifa ya Polisi, na makurutu wengi hupelekwa Kiganjo, Nyeri. Tofauti ni kwamba usajili hufanyika ana kwa ana katika vituo vilivyotangazwa, wenye umri wa miaka 18 hadi 28 na angalau D+ katika KCSE. NTSA ni mamlaka nyingine. Inashughulikia leseni na magari.

Nina miaka 27 na cheti cha kidato cha nne. Nimechelewa?

Kwa polisi, kwa masharti ya karibuni, ndiyo. Kwa usalama barabarani, hapana. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kilichopo Mabibo, hufundisha madereva wa magari ya abiria na mizigo pamoja na fani za usafirishaji. LATRA husimamia usafiri wa ardhini, TANROADS huendesha mizani ya magari makubwa, na VETA huzalisha mafundi wanaojua gari bovu kwa kulisikiliza. Nenda chuo kilicho karibu nawe, uliza sifa za kujiunga na ada, na uulize kabla dirisha la udahili la mwaka huu halijafungwa.