Dhiki, Miraa na Akili ya Mwanamume

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, sharia yetu imekuja kuhifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Katika darasa hili twataka kueleza jinsi mali na akili zinavyoweza kupotea pamoja, na mfano wetu ni Garissa na nchi ya Kaskazini Mashariki.

Mali ya wengi wa huko ni mifugo. Tangu mwaka 2020 hata mwanzo wa 2023 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na katika Kenya wakafa wanyama zaidi ya milioni 2. Mwanamume aliyekuwa na ng'ombe wake akaingia mjini mikono mitupu. Naye ndiye atazamiwaye kulisha nyumba, wala hakuzoea kumwambia mtu kuwa moyo wake una dhiki. Akienda penye baraza ya miraa hupata wenzake na mazungumzo, na kwa saa chache huiona dunia nyepesi. Tusimcheke, tufahamu kwanza.

Miraa yatoka Meru, katika milima ya Nyambene, nayo hupelekwa mbio kwa magari, imefungwa majani ya mgomba. Sababu ya mbio hizo ni kuwa ndani yake mna kitu kiitwacho kathinoni, ambacho nguvu zake hupungua sana baada ya siku mbili. Kitu hiki huondoa usingizi na njaa, hupigisha moyo mbio, huchangamsha ulimi. Lakini kuchangamsha si kuponya. Nguvu zikiisha mtu hubaki mnyonge, mwenye huzuni na mwepesi wa hasira. Na deni lake li pale pale, limezidi kwa bei ya alichotafuna. Asiyelala usiku hawezi kazi asubuhi. Asiyefanya kazi hudaiwa. Adaiwaye hurudi barazani apate kusahau. Na baadhi ya watu, khasa watafunao kwa wingi au waliokwisha kuwa na maradhi ya akili, hufika kusikia sauti zisizokuwapo na kudhani kila mtu awafanyia vitimbi.

Hapo huingia ujinga wa pili. Jamaa husema, "Ana jini," wakauza mbuzi wa mwisho kumlipa mganga. Au mgonjwa hupewa dawa hospitali akatafuna juu yake, na siku apatapo nafuu akaziacha bila ya kumwuliza daktari. Yafaa ijulikane kuwa miraa huzuia hata dawa kama ampisilini isiingie mwilini kwa ukamilifu.

Ama hukumu yake, Ibn Hajar al-Haytami aliandika risala juu ya jani hili katika karne ya 16, akawausia watu wajiepushe nalo. Sisi twasema: hata asemaye kuwa si haramu hana hoja ya kujidhuru, wala ya kuwaacha watoto na njaa.

Basi yatupasa nini? Kwanza, imamu na daktari wakae darasa moja, wawaeleze watu miraa hufanya nini mwilini. Pili, elimu peke yake haimlipii mtu deni. Wadaiwa ni miongoni mwa wanane wapewao zaka, kama ilivyo katika Suratut Tawba, aya ya 60. Basi tuwatafute kabla hawajaja kuomba. Tatu, mtu akikosa usingizi siku nyingi, au akitaja kufa, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali upesi. Dua tusiiache, lakini Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu pia.

Wala asidhani mtu wa pwani kuwa haya ni ya Garissa tu. Miraa na mguka huuzwa Mombasa, Malindi na Lamu. Basi kila mmoja wetu amwangalie jirani yake aliyenyamaza, amwulize hali kabla ya kumhukumu.

Wabillahi tawfiq.