Nyumba Ifaayo Baridi ya Umatengo

Atokaye Mbamba Bay, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, akapanda milima ya Umatengo, hutoka katika joto akaingia katika baridi siku iyo hiyo. Ziwa liko yapata mita 475 juu ya usawa wa bahari, na milima ile hupita mita 1,500. Na katika kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kadiri ya digrii 6. Kwa hiyo nyumba iwafaayo watu wa ufukoni haiwafai watu wa milimani. Mwezi wa Juni na Julai moto huwashwa ndani usiku. Kuni huteketea, na moshi hudhuru vifua vya watoto. Basi na tujifunze kujenga nyumba itunzayo joto.

Kwanza, mahali. Kwetu sisi tulio kusini mwa Ikweta, jua la Juni hupita upande wa kaskazini. Dirisha kubwa lielekee huko. Na upande wa kusini mashariki, utokako upepo wa baridi, ukuta uwe mzima.

Pili, kuta. Ukuta mnene wa udongo hupokea joto la mchana polepole na kulitoa usiku. Lakini udongo huharibiwa na maji: msingi uwe wa mawe, ulioinuka, na paa litokeze mbele ya ukuta. Matofali ya kuchoma hudumu, ila tanuru hula miti mingi. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi, ulioanzishwa mwaka 2001, ulifundisha matofali ya kufungamana: udongo huchanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono, bila kuchomwa.

Tatu, paa. Nyasi hutunza joto, lakini huoza na kushika moto. Bati hudumu, lakini hupoa upesi usiku. Mwenye bati na aweke dari ya mbao au mianzi.

Nne, jiko. Liwe na bomba la kutoa moshi nje. Nyufa kati ya ukuta na paa hupoteza joto, lakini zisizibwe kabla bomba halijawekwa. Wala mtu asilale na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa: makaa hutoa hewa ya sumu, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini.

Mwenye kujenga na aanze na mahali, kwani dirisha likielekezwa vema tangu mwanzo halimgharimu kitu.